Unga wa kaka, ubongo wa mama

Ami, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Kisauni. Nina jambo linalonikosesha usingizi, nataka uniambie kama nimekosa adabu au nina haki.

Mamangu ana miaka 67. Ana sukari tangu zamani, na presha kidogo. Dawa zake ni za kliniki: kuna vile vidonge vikubwa vyeupe anavyokula asubuhi na jioni, metformini, na kuna kidonge kidogo cha asubuhi, glibenklamidi. Baba alishatangulia mbele ya haki, kwa hivyo mama twakaa naye mimi na wanangu. Kakangu mkubwa yuko Changamwe, na pesa za dawa na za chakula ni yeye azitoaye.

Tangu mwaka jana mama ameanza kusahau. Auliza jambo, wamjibu, hata chai haijapoa auliza tena. Wali ameutia chumvi mara mbili. Mwezi uliopita alikuwa atoka sokoni Kongowea arudi nyumbani, akapanda matatu ya Bamburi, akajikuta Bombolulu amesimama na kikapu chake hajui aelekee wapi, mpaka kijana wa boda wa mtaani kwetu akamtambua akamleta.

Kaka alipoyaona hayo akaenda kwa mtu mmoja auzaye dawa za miti shamba, akaja na unga. Ndani yake mna manjano, mlonge, uwatu, habbasoda na pilipili manga. Kopo la mwezi ni shilingi 4,500. Mama aunywa kwa maji ya vuguvugu baada ya sala ya alfajiri, kabla hajatia kitu kinywani, na ameambiwa asile mkate, mahamri wala chochote mpaka saa tano ili unga ushike. Nilipouliza, kaka akanitumia utafiti kwenye simu: maji ya majani ya mmea fulani yamezuia ubongo wa panya usiharibike. Asema hii ni sayansi si uganga, kwamba ubongo wa mama waungua kwa sumu za oksijeni, na mimea ina antioksidanti za kuzima huo moto. Sasa amefika hata kusema dawa za hospitali ndizo zimharibuzo, na unga ukikolea tutaziacha.

Mimi si msomi, niliishia kidato cha nne. Lakini nafuu siioni. Kuna asubuhi nyingine, kama saa tatu au saa nne hivi, mama atoka jasho, mikono yamtetemeka, maneno hayaeleweki. Siku moja aliniita kwa jina la dadake aliyekufa. Nikimpa chai, na humo humtilia sukari kidogo kwa siri, hurudi akawa sawa. Kaka asema hizo ni sumu zinatoka. Miguu nayo yamfa ganzi, na televisheni aifungulia mpaka jirani agonge ukuta, ila hayo nahisi ni utu uzima tu.

Nikisema neno naambiwa sitaki mama apone. Kaka ni mkubwa wangu, na ni yeye mwenye kutoa. Je, mimea kweli yalinda ubongo? Na kama hailindi, nitamwambiaje bila kuvunja udugu? Kahawa tungu ya jioni pia amemkataza mama, na hilo limemuuma kuliko yote.

Wako,
Binti wa Kisauni

*

Marahaba, binti yangu, na pole kwa yote.

Barua yako nimeisoma, kisha nikaisoma tena nikiwa nimemweka kando panya, kwa sababu lililo zito umeliandika kama jambo la kupitia njia. Jasho, mikono kutetemeka, maneno kupotea, kisha chai yenye sukari na mtu akarudi sawa: hiyo, kwa anayekula glibenklamidi, ni sukari iliyoshuka, mpaka kipimo kiseme vingine. Hakuna sumu inayotoka hapo. Sumu gani hiyo inayotulizwa na kijiko cha sukari?

Tazama mpangilio wa asubuhi yake. Glibenklamidi huilazimisha kongosho itoe insulini, ile inayoshusha sukari ya damu, uwe umekula au hukula. Kazi yake huchukua siku nzima, na kwa mzee ambaye figo zimeanza kuchoka hukawia mwilini zaidi, ndiyo maana madaktari wengi siku hizi hawapendi kuwapa watu wa umri wake. Mama yako apewa kidonge hicho, kisha anyimwa mkate hadi saa tano, na juu yake anywa uwatu, ambao nao hushusha sukari, na mlonge, ambao umeonyesha dalili za kufanya hivyo hivyo. Vitatu vyashusha, na cha kupandisha hakuna ila kile unachokitia wewe kwa siri.

Na ubongo hauna ghala. Msuli ukikosa sukari waweza kuchoma mafuta. Ubongo hutegemea sukari ya damu saa baada ya saa. Mwaka 2009 watafiti wa California walichapisha hesabu za wagonjwa 16,667 wa sukari ya aina ya pili, watu wa makamo na wazee. Waliowahi kufikishwa hospitali kwa sababu ya sukari kushuka, hata mara moja tu, waliingia katika ugonjwa wa kupoteza akili za uzeeni kwa wingi kuliko wasiowahi, na kadiri mara zilivyozidi ndivyo hatari ilivyopanda. Uchunguzi wa namna hiyo hauwezi kuapa kwamba jambo moja ndilo lililoleta jingine. Kwangu mimi watosha kunifanya nisimwache mzee na tumbo tupu huku dawa iko ndani.

Basi fanya hivi. Unga usimame mpaka mama aonwe na daktari. Kidonge kiliwe pamoja na kifungua kinywa, si masaa mengi kabla yake. Tafuta mashine ya kupimia sukari. Kama huna, nenda duka la dawa lililo karibu wakupimie, na wengi hawakatai. Mpime wakati ule ule wa jasho, kabla ya chai. Ikiwa chini ya 4 (kwa mashine isomayo mmol/L), mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari iliyokorogwa katika maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida, ngoja dakika 15, upime tena, kisha ale chakula cha kushiba. Siku hiyo hiyo mpeleke kliniki hata akiwa amechangamka, maana kidonge kingali ndani na sukari yaweza kushuka tena jioni, na kidonge kidogo kinachofuata kisubiri mpaka umezungumza nao. Akiwa hawezi kumeza au amezimia, usimmiminie kitu kinywani hata asali. Hiyo ni safari ya hospitali bila kungoja.

Usiziondoe dawa kwa akili yako wala ya kaka. Daktari aweza kubadilisha hicho kidonge kidogo akampa kingine kisichokuwa na tabia hiyo, lakini sukari iliyoachwa ipande kwa miezi nayo hula mishipa midogo ya ubongo.

Haya, sasa twende kwa panya, maana kakako hakusema uongo mtupu.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake. Panapotumika oksijeni nyingi kiasi hicho hutokea mabaki makali yanayoitwa radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni iliyobaki peke yake, ambazo huipora molekuli jirani, na jirani naye akapora wa pili. Ubongo una mafuta mengi ya aina inayoharibika upesi, una chuma cha kuchochea, na kimengʼenya cha katalasi, ambacho ni mmoja wa walinzi, ni haba humo ukilinganisha na ini. Mafuta hayo yakivamiwa huchacha. Nasema huchacha kwa maana yake halisi: ni kemia ile ile ya mafuta ya kupikia yaliyoachwa wazi yakatoa harufu. Mmarekani Denham Harman alitoa nadharia mwaka 1956 kwamba uzee wenyewe hutokana na uharibifu wa namna hii, na katika bongo za watu waliokufa na ugonjwa wa Alzheimer, ulio maarufu kati ya magonjwa ya kupoteza akili uzeeni, uharibifu huo huonekana. Kama ndio uletao ugonjwa au ni kifusi tu kinachobaki baada ya ugonjwa kubomoa, wanasayansi bado wanavutana.

Sasa huo utafiti wa kwenye simu. Sijauona, ila wa aina yake nimesoma wa kutosha kujua unavyokwenda. Panya huuawa, ubongo wake ukasagwa ukawa uji. Uji hutiwa chuma ili mafuta yachache haraka, ukagawanywa katika mirija ya maabara, kisha baadhi ya mirija hutiwa maji ya majani yanayochunguzwa. Mwisho hutiwa kemikali inayogeuka rangi ya waridi ikikutana na mabaki ya mafuta yaliyochacha, malondialdehaidi. Mrija wenye majani ukitoka na waridi hafifu kuliko usio na majani, huandikwa kwamba mmea umelinda tishu ya ubongo. Ni kazi halali. Vyuo vya Afrika na Asia huifanya sana kwa sababu haihitaji mashine za mamilioni, na ndiyo hatua ya kwanza ya kuchuja mimea. Lakini angalia kisichokuwepo mle kwenye mrija: tumbo halipo, ini halipo, damu haipo, na panya mwenyewe hayupo.

Isitoshe, mtihani huo ni rahisi mno kufaulu. Mpe karafuu, atapita. Mpe chai ya rangi, ukwaju, zambarau, majani ya kunde, wote watapita, kwa sababu mimea hukaa juani siku nzima na imejaa kemikali za kujikinga na jua hilo. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali kubwa la kupanga vyakula kwa nguvu za antioksidanti kwenye mrija. Mwaka 2012 ikaliondoa, ikieleza kwamba wauza virutubisho walikuwa wakilitumia vibaya, na kwamba namba zile hazisemi chochote kuhusu kinachotokea ndani ya mwili wa mtu.

Kinachotokea mwilini ni safari ndefu. Chukua manjano. Kile kinachosifiwa ndani yake, kurkumini, ni kama asilimia 3 tu ya unga. Ukimeza, utumbo hupokea kidogo sana, na kile kidogo ini hukigeuza likakitoa upesi. Kinachobaki hukutana na ukuta wa mwisho. Tangu 1885 mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich alipodunga wanyama rangi akaona viungo vyote vimeiva rangi isipokuwa ubongo, watu wamejua kwamba mishipa ya damu ya ubongo haifungulii kila mgeni. Kwa hivyo kiasi kilicholinda ubongo wa panya kwenye mrija na kiasi kinachoweza kufika kichwani mwa mama kwa kijiko kimoja cha alfajiri havikaribiani.

Kakako atasema, ndiyo maana mna pilipili manga. Na hapo ana hoja. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba piperini, ukali wa pilipili manga, huongeza kurkumini inayoingia damuni kwa takriban mara 20. (Bibi zetu walioukaanga mchuzi kwa mafuta, manjano na pilipili manga hawakuwa na maabara, lakini naona hawakupotea sana.) Tatizo ni kwamba piperini hufanya hivyo kwa kulichelewesha ini lisivunje vitu, na ini hilo ndilo linalovunja dawa nyingi za hospitali pia. Pilipili ya mchuzi si neno. Pilipili iliyokusudiwa kama dawa, kila siku, kwa mtu anayekula dawa za sukari, daktari wake lazima aijue. Na hata walipowapa wagonjwa wa Alzheimer kurkumini kwa wiki 24, katika jaribio lililochapishwa 2012, hawakuona nafuu.

Umeniuliza kama mimea yalinda ubongo. Jibu lapatikana kwa watu waliofuatiliwa miaka, si kwa mirija. Majani ya mginko wa Uchina ndiyo maarufu kuliko yote kwa kumbukumbu. Huko Marekani wazee 3,069 wenye miaka 75 na zaidi waligawanywa, wengine wakapewa mginko mara mbili kwa siku, wengine kidonge kitupu, wakafuatiliwa kwa kiasi cha miaka 6. Matokeo yakatoka 2008: walioingia katika ugonjwa wa kusahau na waliosalimika walikuwa sawa pande zote mbili. Vitamini E ilifanya vizuri kidogo. Mwaka 2014, katika jaribio la wanajeshi wastaafu 613 wenye Alzheimer, kipimo kikubwa cha vitamini hiyo kilichelewesha kushindwa na kazi za kila siku kama kuvaa na kuoga, ila kumbukumbu haikurudi. Hilo nalitaja kwa haki, na bado si la kununua dukani bila daktari, kwa kuwa kipimo kile chaweza kuleta kuvuja damu.

Na msidhani antioksidanti ikizidi haina hasara. Ufini ilijaribu kuwakinga wavuta sigara 29,133 na saratani ya mapafu. Waliopewa beta-karotini, ile rangi ya karoti, kwa vidonge, walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Hayo yalitangazwa 1994, na mpaka leo wauza vidonge hawapendi kuyasikia. Karoti yenyewe haijamdhuru mtu.

Nisije nikaonekana naidharau miti. Dawa mbili zinazoandikwa na madaktari duniani kote kwa Alzheimer zina asili ya mimea. Galantamini ilitolewa kwenye maua ya nchi za baridi. Rivastigmini ilitengenezwa kwa kuiga kemikali ya haragwe la Calabar la huko Nigeria, haragwe ambalo zamani watuhumiwa walilishwa kama kiapo, akifa basi ana hatia. Wala hizo hazifanyi kazi ya antioksidanti. Zinazuia kuvunjwa kwa kemikali ambayo seli za ubongo hupashiana habari. Hupimwa kwa miligramu, zina madhara yake, na nafuu yake ni ya kiasi. Lakini kuna mtu aliyekaa akahesabu kiasi gani chasaidia na kiasi gani chaua. Kopo la shilingi 4,500 lina hesabu ya nani?

Kuna jambo jingine la kopo ambalo lanitia hofu zaidi. Manjano yaliyosagwa hununuliwa kwa rangi, na mahali pengine wafanyabiashara wameyatia kromati ya risasi, rangi ya manjano yenye madini ya risasi, yang'ae. Bangladesh ilikamatwa na jambo hilo. Watafiti walilifuata hadi kwenye vinu, habari ikatoka 2019, serikali ikawasaka watu, na sampuli za sokoni zenye risasi zikashuka kutoka asilimia 47 mwaka huo hadi sifuri 2021. Risasi ni sumu ya ubongo, ya kweli hiyo, ya watoto hata kuliko ya wazee. Sisemi unga wenu una risasi. Nasema hamjui una nini. Ukitaka manjano nenda Marikiti ununue mizizi mizima, kausha, usagishe mwenyewe, utie kwenye mchuzi.

Sasa yale uliyoyaita utu uzima. Miguu kufa ganzi kwa mwenye sukari mara nyingi ni mishipa ya fahamu iliyoumizwa na sukari. Lakini metformini ikitumiwa miaka mingi huzuia vitamini B12 isiingie vizuri mwilini, na upungufu wa B12 huleta ganzi za miguu na kusahau pia. Hupimwa kwa damu. Hutibiwa kwa sindano au vidonge, na ukiwahiwa kumbukumbu yaweza kupata nafuu. Haimo kwenye manjano, mlonge wala mchicha. Imo kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa. Kwa bahati mbaya ndivyo vitu ambavyo mtu anayetaka "kusafisha mwili" huviacha kwanza. Mwambie daktari apime B12, apime tezi ya shingo na figo, aulize kama mama aliwahi kuanguka akagonga kichwa, na aulize kuhusu huzuni, maana mjane aliyenyamaza huweza kuonekana amesahau kumbe amekata tamaa. Kliniki yenu ikishindwa na vipimo hivyo, omba barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Pwani.

Televisheni ni masikio. Usilipuuze. Kamati ya jarida la tiba la Lancet ilihesabu 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya magonjwa ya kupoteza akili uzeeni yaweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, na kutosikia ni mojawapo kubwa, pamoja na presha, sukari, lehemu (kolesteroli) mbaya, macho yasiyotibiwa, kukaa bila kutembea na kukaa peke yako. Asiyesikia hajibu, asiyejibu huachwa kuzungumzishwa, na hapo hata aliyosikia nusu hayakumbuki. Waanze kwa kumwangalia nta. Nimeona wazee waliosemekana wameharibikiwa wakasafishwa masikio wakaanza kugombana na watu upya.

Chakula kina nafasi yake, wala sitaki umwondolee mama mimea, nataka irudi jikoni. Mchicha, matembele, kisamvu, kunde, samaki, ukwaju badala ya soda, wali mdogo kwenye sahani. Ufini hiyo hiyo ilichukua watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77, nusu yao wakapewa kwa pamoja ushauri wa chakula, mazoezi, kazi za kuchemsha akili na uangalizi wa presha na sukari. Baada ya miaka 2, kwa matokeo yaliyochapishwa 2015, walikuwa mbele ya wenzao kwenye mitihani ya akili. Walifanya yote hayo kwa mkupuo, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kuyatia kwenye kopo.

Kahawa tungu mrudishie jioni ya leo, labda daktari aseme presha imekataa. Ndani ya kile kikombe mna kemikali za mimea za kutosha kumfurahisha kakako, na haina sukari. Ajiangalie na halua ya pembeni. Na kama anainywa barazani na wenzake, hapo atakuwa amepata mazungumzo na kutoka nje kwa bei ya kikombe kimoja.

Nimebakisha kaka. Usimpinge kwa maneno. Yeye ana makala, wewe una kidato cha nne, na mbele ya watu atakushinda. Mpigie simu umwombe aje alale kwenu usiku mmoja, kwa sababu mama ana vipindi vya asubuhi na unaogopa kuwa peke yako. Hilo ni kweli tupu. Mashine ya kupimia iwe mkononi mwake, si mwako. Mama aanze siku kwa chakula kama nilivyosema, na jasho likija hata hivyo, basi kaka ndiye atoboe kidole na asome namba. Anaamini vipimo, ndivyo ulivyoniambia, kwa hivyo mpe kipimo. Usiku huo huo mhesabie mama mbele yake vidonge alivyo navyo na siku ambazo vimerukwa, kama zipo.

Kisha kliniki mwende watatu. Bebeni pakiti zote za dawa na kopo la unga pia, mlitie mezani kwa daktari bila haya. Daktari akimgombeza kakako mbele ya mama, mkatize kwa adabu, useme kaka ndiye aliyegundua kwamba mama anasahau na ndiye aliyehangaika kwanza, nalo ni kweli. Mama mwenyewe aulizwe anataka nini. Anasahau, hajawa mtoto. Na mkitoka hapo, habari ya kubadilisha dawa na kuacha unga, mwachie kaka awe ndiye anayewaambia jamaa.

Ami